Manjano Ambayo Mtia Rangi Alikataa Kuiona

Ndugu wasomaji, ingieni kwanza uani kwa mtia rangi, wakati mambo yalipokuwa bado shwari. Masufuria yanachemka juu ya mafiga, moja la magome, moja la maganda ya vitunguu, moja la majani. Mkewe ameketi kwenye kigoda akikunja vitambaa vilivyokauka, akimtania mumewe kwamba tangu waoane hajawahi kuiona mikono yake ikiwa na rangi ya binadamu. Mume anacheka. Anachovya kipande cheupe cha kitambaa, anakipeleka kwenye mwanga, anakitazama. Hakijakolea. Anaongeza majani.

Hiyo ndiyo kazi yake, na aliijua barabara. Angeweza kusimama mlangoni akakwambia manjano hii ni ya ganda la kitunguu na ile ni ya mzizi, bila hata kuvigusa vitambaa. Kosa lake ni kudhani kwamba kwa kuwa anajua rangi, anajua na dawa.

Mkewe alikuwa na kisukari, na vipimo vilionyesha kwamba ini lake nalo limejaa mafuta. Daktari alimpa vidonge, akamwambia apunguze vitu vitamu, atembee, na asikose kliniki. Vidonge vilimvuruga tumbo, akanung'unika, lakini alivimeza, na sukari ikaanza kushuka. Alikuwa njiani kupata nafuu. Hilo mlikumbuke, maana ndilo linalouma.

Asubuhi moja redio ilikuwa ikizungumza uani. Mtafiti alieleza kuhusu polifenoli, kemikali za mimea ambazo mara nyingi ndizo zinazoipa rangi na uchungu. Alisema zinaleta matumaini kwa wenye ini la mafuta na wenye kisukari. Akaongeza kwamba majaribio mengi yamefanywa kwa panya, kwamba kipimo salama kwa binadamu bado kinatafutwa, kwamba mgonjwa asiache dawa zake. Lakini mtia rangi hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshainuka, yuko stoo anafungua gunia la majani.

"Mama watoto, umesikia? Kumbe kila siku tunamwaga dawa mtaroni!"

"Amesema panya, Baba watoto."

"Kwani panya hana ini?"

Mke akacheka. Laiti angekasirika!

Mume akachemsha kama alivyozoea kuchemsha. Si chai ya majani machache, la. Alijaza sufuria, akaliacha lichemke hadi maji yakabaki kidogo, meusi, mazito. Kisha, amini usiamini, akachovya kitambaa cheupe akakitazama kwenye mwanga. Hakijakolea. Akaongeza majani. Kwake rangi iliyokolea ndiyo kazi iliyokamilika, na alimpimia mkewe dawa kwa kipimo kile kile cha mashuka na mapazia.

"Na hivi vidonge uachane navyo," alimwambia. "Vinakuvuruga tumbo bure. Hii ni ya asili, haina madhara."

Mke aliacha vidonge, kwa kuwa alichoshwa na tumbo, na kwa kuwa aliyemwambia alikuwa mumewe. Majirani wakapata habari. Wakaanza kuja na chupa, wakamwita Dokta. Alianza kwa kuona haya, baadaye akawa haitiki akiitwa kwa jina jingine.

Kiu ikamrudia mkewe. Akawa haishi kwenda chooni. Kisha kichefuchefu, kisha ngozi ikawasha usiku na mchana. Kila alipolalamika, Dokta wetu alijibu, "Sumu inatoka hiyo," na kumwongezea kikombe.

Siku moja dada wa mgonjwa alikuja kumjulia hali. Akamsogeza dadaye dirishani, akamtazama usoni, kisha akamgeukia mtia rangi.

"Shemeji, macho ya dada yana rangi gani?"

"Ni uchovu tu."

"Nimekuuliza rangi, Shemeji. Wewe mtu mzima unayejua manjano zote duniani, nimekuuliza rangi!"

Mtia rangi alikuwa ameiona, ndugu zangu. Aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote, siku kadhaa nyuma, akampa mkewe mgongo akaenda kukoroga sufuria. Kuikubali rangi ile kulimaanisha kukubali kwamba yeye si Dokta.

Wakampeleka hospitali. Daktari akauliza mgonjwa ametumia nini. Mtia rangi akainama, akasema, "Chai tu." Hapo ndipo ninapomkasirikia kuliko pote. Madaktari wakahangaika kutafuta chanzo, huku chanzo kimekaa kwenye benchi la kusubiria. Ni shemeji yake aliyerudi nyumbani kuchukua chupa ya majani yale na kuiweka mezani.

Daktari akaifungua, akainusa.

"Hizo kemikali zipo, na watu wanazichunguza kwa dhati," alisema. "Huenda siku moja zikawa dawa. Lakini hiki hakuna anayejua kina nini wala kina nguvu kiasi gani. Na vidonge?"

"Aliacha," mtia rangi akasema.

"Nani alimwambia aache?"

Kutoka kitandani mkewe akamwita kwa sauti ndogo, akamwonyesha kiganja chake kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba watoto, manjano gani hii? Niambie wewe unayejua."

Mume akalia kama mtoto. Siku chache baadaye ini likashindwa kabisa, mke akafariki.

Mngedhani uani kungekuwa kimya baada ya hapo. Hata matanga hayajaisha, jirani akabisha hodi na chupa tupu, akatoa pole, kisha akashusha sauti: "Dokta, ile ya majani bado ipo?"

FUNZO

Hadithi hii haisemi mimea ni mibaya, wala haiwacheki wanaoichunguza. Inasema utafiti unaoendelea bado si dawa, na kwamba sumu nayo inaweza kuwa ya asili. Mgonjwa wa kisukari au wa ini asiache vidonge vyake kwa ushauri wa redio, jirani, wala mume anayempenda. Vikikusumbua, mwambie aliyekuandikia. Umekunywa kitu kingine? Kitaje hospitali bila haya, hata kama wewe ndiye uliyekipika.

Na wewe jirani mwenye chupa, rudi nayo nyumbani.