Kufuli la Fundi Pankras

Unga wa kwanza ulitoka umelowa.

Nasma aliushika kwa vidole viwili, akautupa. Usipa, dagaa wa ziwani, huanikwa juani juu ya chanja mpaka uvunjike kama kijiti, ndipo usagwe uwe chakula cha kuku, na unga wake hutimka vumbi. Huu ulikuwa vuguvugu, ukivutika kama makohozi. Harufu nayo haikuwa ya samaki. Shombo ya kiwanda kile cha Mbamba Bay alikwisha kuizoea, hata wali aliulia humo humo. Hii ilikuwa harufu ya kidonda cha mgonjwa aliyelazwa ubavu mmoja muda mrefu.

Na alijua alichokifanya jana yake.

Mafundi wa pale wana desturi moja. Fundi akitaka kuingia ndani ya mashine, kwanza hufunga swichi kubwa kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, na ufunguo akauvaa shingoni. Akiwa humo hugonga bati kwa spana, maana yake bado nipo. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata meneja apige kelele mpaka koo limkauke. Fundi Pankras alifunga swichi ya kinu cha kusagia, akaingia, moyo ukasimama humo humo. Walimvuta kwa miguu, wakampeleka kwao Litembo, akazikwa na ufunguo wake shingoni kwa kuwa hakuna aliyetaka kumvua. Kufuli likabaki, kinu kikalala.

Kisha akaja Frederick, meneja mpya kutoka mbali, asiyetaka kusikia habari za kufuli. Alimwita Nasma, fundi aliyekuwa bado kwenye kipindi cha matazamio, akamwambia kwamba anayeogopa kufuli hana ajira kwake. Nasma aliitaka ajira ile kuliko kitu chochote. Mama Gertrude, mwanikaji wa siku nyingi, alimshika mkono.

“Mwanangu, kufuli la mtu hulitoa mwenyewe.”

Nasma akacheka, akalikata kwa msumeno wa chuma. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kuhusu unga, Frederick alisema ni unyevu wa ziwa, wasage tu. Kesho yake ukatoka na mvi. Baadaye zikatoka kucha, nene, za manjano, na mheshimiwa meneja akaagiza unga uchekechwe, ufungwe kwenye mifuko. Kuku wa mama Gertrude, ambao hawachagui hata kinyesi, waliutazama wakakimbia. Nasma aliacha kula. Akichana nywele, magamba yalimdondokea mabegani. Akinywa chai, utando ulimkwama kooni, akiuvuta kwa kidole ukaja na mvi. Aliuchukia mwili wake kama mtu anavyokichukia choo kilichofurika.

Na mashine ilipozimwa saa ya chakula, jua likiwa la utosi, ndani ya kinu bati liligongwa. Polepole, kwa spana.

Mama Gertrude akamleta mzee Bwanali, muuza nyavu ambaye babu zake walikuja kutoka pwani na elimu ya kutoa majini. Alifika na udi na marashi, na pale mlangoni akatapika. Alipojifuta mdomo alimnong'oneza Nasma kwamba mashine iliwashwa marehemu hajatoka, na jini la uchafu limepata mlango, limejivika sauti yake.

“Aliyekata ndiye wa kuingia,” alisema. “Funga kwa kufuli lako. Mwamkie. Lakini atangulie kutoka yeye, wewe uwe nyuma. Ukimtangulia, utabaki wewe.”

Nasma alifunga swichi, akavaa ufunguo, akaingia kwa magoti, na kila alipoweka kiganja chuma kilikuwa laini na chenye joto kama ndani ya shavu, na ute ukamwingia kwenye kucha na puani na pembeni mwa midomo, na alitaka kulia lakini aliogopa kufungua kinywa, mpaka akafika mwisho, ambako hapakuwa na kitu ila pumzi ya mtu.

“Shikamoo, fundi Pankras. Nimekuja tutoke.”

“Marahaba.” Sauti ilikuwa ya upole, na kitu chenye majimaji kilimpapasa shingo. “Tangulia, mwanangu.”

Alikuwa ameonywa. Lakini kinyaa kilimzidi, na mkubwa mwenyewe ndiye aliyemruhusu. Akarudi kinyumenyume mbio mpaka akaliona jua.

Harufu ikakatika palepale. Mama Gertrude alilia kwa furaha. Frederick alimwambia Nasma kwamba kazi ni yake, ya kudumu, afungue sasa wasage. Nasma akaushika ufunguo shingoni. Ulikuwa na kutu, na udongo mwekundu wa kaburi umejaa kwenye meno yake. Akaujaribu kwenye kufuli lenye jina lake. Haukuingia.

Ndani ya kinu bati likagongwa. Nasma akaitazama mikono yake, mitupu, na kila bati lilipolia kiganja chake kiliuma kama kilichoshika spana.

Frederick, kwa kukosa subira, alikwisha kuagiza msumeno.

“Msikate, bosi,” Nasma alinong'ona. “Bado nipo ndani.”