Lawama ya Kinamasini

Jumamosi adhuhuri duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, na mwanamke aliyevaa suruali ya kaki yenye tope magotini alikuwa akiagiza ndoo arobaini. Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamuuliza kama kwao maji yamekatika mwaka mzima. Akamjibu kwamba yeye ni mtafiti wa vyura: ndoo huzifukia ardhini, vyura wakatumbukia, akawahesabu na kuwaachia.

Kijana alicheka, akambebea ndoo hadi garini. Gari lilipogoma kuwaka, alikunja mikono ya shati na kufungua boneti, kwani alikuwa fundi magari. Mwezi uliofuata alikuwa ndiye dereva wa timu ya utafiti, na kabla msimu haujaisha, walikuwa wapenzi. Kila asubuhi fundi alimpigia simu mapema, na badala ya salamu akaiga mlio wa chura mmojawapo. Mtafiti alimsahihisha huku akicheka, akimwita chura wake wa mjini.

Mambo yaliharibika asubuhi moja kinamasini, walipokuta vyura kumi na mmoja wamekufa, ngozi zimebabuka. Ulikuwa ugonjwa wa fangasi, ambao husafiri na tope. Ndiyo maana kila mtu katika timu alisugua buti zake kwa dawa kabla ya kuhamia kinamasi kingine. Buti za fundi zilikuwa na tope. Alieleza kwamba alizisafisha, na kwamba tope lile lilikuwa la bustani ya dada yake. Mtafiti hakumsikiliza. Mbele ya timu nzima alimwambia kwamba uchafu wake umeua kazi ya miaka sita. Fundi aliweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yalitoka. Fangasi alikuwemo hata katika sampuli za zamani, zilizochukuliwa miaka miwili kabla fundi hajakanyaga pale.

Mtafiti alipiga simu ya fundi, ikapokelewa na dada yake.

“Simu kaiacha nyumbani, yuko gereji, wifi,” alisema dada. “Lakini hili si la simu. Mfuate huko.”

Mtafiti alikwenda gereji akiwa amevaa gauni la kijani, na timu nzima nyuma yake. Mafundi wakaacha kazi kutazama.

“Nilikuaibisha mbele ya watu,” alisema, “nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Vyura walikuwa wanakufa, nikatafuta wa kumlaumu. Wewe ulikuwa karibu.”

Fundi alifuta mikono taratibu kwa kitambaa.

“Wamebaki wangapi?”

“Juzi tumehesabu themanini na wawili. Wazima.”

Fundi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akamwambia kwamba udereva hautaki tena, gereji inamtosha.

“Ila wewe bado nakutaka,” alisema. “Utaniposa wewe, au nije kwenu kuposa mwenyewe?”

Hata mafundi walicheka.

Jumapili fundi alifika nyumbani kwa kina mtafiti akiwa na mjomba wake, shati limepigwa pasi hadi linang’aa. Mama wa mtafiti hakuuliza kuhusu kazi wala ukoo. Alitaka kujua jambo moja tu: akiudhiwa tena, ataondoka?

“Nitaondoka, mama,” alijibu fundi. “Lakini nitaishia uani.”

Mama akamwambia binti yake alete kiti cha pili, ili yeye na mjomba wakae wazungumze mahari.