Gundi ya Meza ya Nyanchama

"…na jua ndilo hilo linatua, jamani, na vyombo vya nyumbani bado kuoshwa!"

Bonareri alikuwa akijisemea peke yake katika karakana ya baba yake, fundi Mayaka, pale Suna. Ilikuwa Ijumaa, mwaka ule uliofuata Uhuru, na kwao Wasabato jua likishatua hakuna kazi tena mpaka Jumamosi jioni. Baba alikuwa amemwachia kazi moja: kupaka gundi ya resini kati ya mbao nyembamba, azipandanishe, azibane ziwe ubao mmoja mgumu wa meza ya kujifungulia kule zahanati.

"Gundi hii haiogopi maji moto," baba alimwambia. "Lakini paka mpaka katikati, sawa?"

Bonareri akapaka pembeni tu, chapuchapu, akakaza vibanio. Gundi ikachuruzika kandoni. Ukiitazama ungesema hapo kazi imefanywa!

Kesho yake kanisani, mama yake mdogo, Nyanchama, akaketi kando yake, tumbo hilo!

"Meza yangu imefika wapi?" akamnong'oneza. "Ama mtanitupa chini na huyu mtoto?"

Bonareri hakucheka. Mchana akasukuma sahani yake kando.

"Una malaria wewe?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Zile mbao… katikati sikupaka. Nilitaka ningoje Sabato iishe ndipo niseme, nikashindwa."

Bonareri akatamani achapwe yaishe.

"Kusema kweli si kazi," baba akasema. "Hakuna siku imekatazwa."

Jua lilipotua, baba akakata ukingo wa ule ubao kwa msumeno. Mbao zikaachana kama maganda ya kitunguu! Bonareri akaziba mdomo. Ni kama alimwona Nyanchama akianguka nazo. Wakachukua mbao nyingine, wakaanza upya.

"Ubao tunaurudia," baba akasema. "Mtu akianguka, utamrudia? Mahali macho ya watu hayafiki, hapo ndipo ufanye vizuri zaidi."

Jumapili Nyanchama akapita. "Haya, meza iko wapi?"

"Bado imebanwa, mama mdogo."

"Kwa nini?"

Bonareri akamtazama baba. Baba akaendelea kupiga randa tu.

"Ni mimi niliiharibu."

"Wewe! Uliiharibu namna gani?"

"Kesho ikifunguliwa, uikalie kwanza, uone haitikisiki," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ukiwa hapo juu yake nitakuambia yote, hata kama utanichapa."