Chiriku wa Jiwe Jeusi

Watoto wengi huamshwa na jogoo au na mama. Chiriku aliamshwa na mashine ya kusugulia mawe, maana karakana ya baba yake ilikuwa chumba cha mbele, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao tupu. Aliamka, akaoga, akafuta vumbi la mawe lililojipenyeza hadi kwenye kopo la sukari, kisha akaenda shule. Akirudi, alikuta sahani yake imefunikwa na baba ameinamia kazi. Wakila pamoja jioni, vijiko ndivyo vilivyozungumza.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Mama alichonga mawe, baba akayafunga kwenye pete za fedha. Tangu mama afariki, hakuna aliyemwita jina hilo tena, na maneno yenyewe yalikuwa yamemkauka. Shuleni walidhani ana mafua.

Kazi ya mwisho ya mama ilibaki kwenye droo. Ilikuwa kipande cha oniksi, kikubwa kama kifungo cha koti. Oniksi ya aina hiyo ina matabaka: jeusi chini, na juu yake jeupe, jembamba kama ukucha. Mchongaji huuondoa weupe kidogo kidogo mpaka ibaki picha nyeupe juu ya weusi. Mama alikuwa akichonga ndege mdogo, na alibakiza bawa moja tu. Kila jioni baba aliifungua droo, akalitazama jiwe, akaifunga.

Siku moja alikuja mshonaji wa jirani, mama mmoja mwenye pini midomoni hata akiwa matembezini. Alitaka pete ya oniksi, akaeleza kuwa jiwe hilo huondoa huzuni na kumpa mtu moyo. Juzi yake bwana harusi mmoja alikuwa amelikimbia jiwe lilo hilo, akidai hutenganisha wapendanao na kuleta ndoto mbaya. Baba aliwaitikia wote wawili kwa heshima, maana fundi wa pete hagombani na vidole vya wateja. Mshonaji alikaa karibu na droo, akajaribu pete kadhaa, akasema atarudi.

Chiriku alishika neno moja tu: huondoa huzuni. Akawaza kwamba ndege akikamilika na baba akilivaa jiwe lile, pengine angeongea tena.

Mchana huo huo, baba alipokwenda kununua gesi ya kuchomelea, Chiriku alivaa miwani ya mama, iliyomteleza hadi ncha ya pua, akawasha mashine. Jiwe husuguliwa likiwa limelowa maji, na tope lake hufunika kila kitu. Ndiyo maana mama alikuwa akirudia: sugua, futa, tazama. Chiriku alisugua, akafuta, akatazama. Bawa likaanza kujitokeza, zuri kweli. Kisha akasikia mlango wa uani ukigongwa. Alikuwa paka tu, lakini Chiriku hakungoja kujua. Akasugua haraka, akasugua tena, bila kufuta. Alipofuta, bawa halikuwepo, wala kichwa. Ndege mzima alikuwa amekwenda na tope. Ilibaki nukta moja nyeupe, ncha ya mkia.

Alilizika jiwe ndani ya kopo la unga wa kusugulia mawe.

Jioni baba alifungua droo. Akafungua ya pili, akapekua meza nzima, hata makopo ya chai. Alipomuuliza Chiriku, Chiriku alisema hajaliona. Baba akasema polepole, "Mshonaji alikaa hapa hapa." Akaanza kuvaa viatu.

Chiriku akakimbilia mlangoni. Mshonaji ndiye jirani pekee aliyekuwa bado anagonga mlango wao kuuliza kama mtoto amekula.

"Baba, usiende," alisema. "Ni mimi. Nilitaka nilimalize ulivae, huzuni ikutoke. Nimemfuta ndege wa mama."

Akalifukua jiwe. Baba alilipokea akiwa na kiatu kimoja, akalipangusa kwa shati, akaliweka shavuni. Chiriku alingoja kofi. Halikuja.

"Haliondoi huzuni," baba alisema mwishowe. "Kila mtu hulizulia lake. Lenyewe ni jiwe zuri, linang'aa, linafaa pete, shanga na mihuri, basi. Huzuni nilikuwa naifungia kwenye droo, wewe nikakuacha uongee na vijiko. Hilo ni kosa langu."

Akamvuta karibu.

"Sasa sikia lako, mwanangu. Mkono kukosea ni kawaida, hata mama yako alikosea. Ungeniambia mchana, tungekuwa na kosa moja. Ukalificha, likazaa la pili, ukanidanganya. Na la tatu, kumwita mtu mwema mwizi, lilikuwa limeshavaa kiatu. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

Kesho yake alilifunga jiwe kwenye pete, akaivaa mwenyewe. Mshonaji aliporudi aliiona, akatoa pini midomoni, akauliza ile nukta nyeupe ni ya nini.

"Mwulize Chiriku," baba alisema.

Chiriku akaeleza habari ya matabaka, ya tope, ya mama na ndege wake, mpaka chai ikapoa na baba akamwomba apumue kidogo.