Kiti cha Aliyeshauri

Rosmaida alipoleta kahawa kwenye meza ya sataranji, alimkuta mumewe, Marahalim, ameutegea ukuta sikio. Akainama kuweka vikombe, naye akaisikia sauti kavu ikitoka kwenye mbao za ukuta, nyuma ya bega la mumewe: "Usimlinde huyo askari. Mtoe."

Katika mikahawa ya mji wa Panyabungan watazamaji wa sataranji hushauri wapendavyo. Ila ukishinda kwa shauri la mtu, sharti usimame umwachie kiti. Marahalim aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini shemeji yake, Tongku, alikuwa akimshinda kila fainali kwa ufunguzi uleule, ukoo mzima ukicheka.

"Shemeji, mbona jasho mapema?" Tongku alimtania. "Hata farasi hatujamwamsha."

Marahalim akamtoa askari.

Harufu ya kafuri na udongo wa kaburi ikapanda, Rosmaida akamsihi mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Lanna, acha mchezo, usiisikilize." Na mnong'ono ukaendelea, hatua baada ya hatua, kahawa ikiota ukungu vikombeni na watazamaji wakisogea mbali na ukuta bila kujua wanakimbia nini, mpaka Tongku akamlaza mfalme wake kukiri kushindwa.

Tumefundishwa kujikinga kwa Mola dhidi ya mnong'onaji, ambaye hunywea jina Lake litajwapo. Maskini Marahalim! Moyo wake ulilewa sifa, hakulitaja. Alisema tu, "Asante, mwenye shauri. Kiti ni chako."

Akasimama, lakini mwili wake ulibaki umeketi. Ukamtazama Rosmaida kama mgeni amtazamavyo mtumishi.

Malim Sutan, mwalimu wa dini, aliitwa, akasoma aya mpaka sauti ikamkauka. Aliyeketi alimsikiliza kwa adabu.

"Sikupora," alisema. "Nilipewa, mbele ya mashahidi."

Malim alifuta machozi. "Mwanangu, nitasoma kila siku ya uhai wangu," alimwambia Rosmaida. "Ila huyu hakuvunja mlango. Alikaribishwa."

Watu wakatawanyika. Rosmaida akaketi mkabala na kile kilichokuwa mumewe, akaanza kumtaja Mola. Ndipo baridi ikamgusa shingoni, na nyuma yake sauti ya mumewe, aipendayo kuliko zote duniani, ikamlilia:

"Mama Lanna, huku hakuna pa kukaa. Niachie kiti chako."

Rosmaida alikishika kiti kwa mikono miwili, akalia kama mjane, wala hakusimama.