Dume wa Kijivu na Jike Wake

Chesang alikutana na Bethwel katika soko la nafaka mjini Nakuru, siku ambayo njiwa wa mitaani walikuwa wamevamia maharagwe ya shangazi yake. Alikuwa amevaa gauni la manjano, akiwafukuza kwa gunia tupu huku vumbi likimtimkia usoni.

"Madam, pole pole," mwanamume alisema nyuma yake. "Hao ni ndugu za njiwa wangu."

"Basi waite wakale kwako," Chesang akajibu bila kugeuka.

Alipogeuka aliona kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, mkononi kilo mbili za mtama. Wakacheka. Kabla shangazi hajafunga magunia, walikuwa wamepeana namba za simu.

Bethwel alifuga njiwa wa mashindano nyuma ya nyumba yake. Chesang alifanya kazi Naivasha, akifunga maua katika shamba moja kubwa, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alienda Nakuru kumwona. Akirudi alibebeshwa kikapu cha njiwa. Jumatatu alfajiri aliwaachilia karibu na ziwa, akapiga simu kusema wametoka. Wakifika, Bethwel alimpigia kwa furaha ambayo Chesang aliihesabu kuwa yake pia. Mapenzi ni upofu, na yeye hakuwa na haraka ya kuona.

Bingwa wao alikuwa dume mmoja wa kijivu. Siri ya mbio zake Bethwel aliieleza kwa majivuno: wiki nzima dume hutengwa na jike wake. Siku ya safari anaonyeshwa jike dakika tano tu, kisha anatiwa kikapuni. Hamu ndiyo humrudisha nyumbani mbio.

"Hiyo ni roho mbaya, Bethu."

"Hiyo ni training, babe."

Kwa miaka mitatu Chesang alikuwa akingoja jambo moja, Bethwel aende Njoro kujitambulisha kwa wazazi wake. Kila mara jibu lilikuwa mwezi ujao. Mamake alikuwa ameacha kuuliza, na kimya hicho kilimuuma kuliko maswali.

Mwezi wa saba huruma ilimponza. Bethwel akiwa anaongea na jirani, Chesang alimtia jike kikapuni pamoja na dume. Alidhani wapendanao wakiruka pamoja watafika pamoja. Hakujua kwamba jike yule hajawahi kurushwa mbali hata siku moja. Jumatatu dume alifika peke yake saa sita mchana, akazunguka banda, akaruka tena kwenda kumtafuta. Hawakuonekana tena, dume wala jike.

Bethwel alipopiga simu, alifoka.

"Umeniharibia kila kitu. Nani alikuambia wanahitaji kuwa pamoja?"

Chesang alikuwa kwenye foleni ya chai, aproni bado imelowa. Aliiona miaka mitatu yote kwa mara moja: chakula cha Jumapili, kukumbatiwa stendi, kisha wiki nne za kumkosa mtu. Aliona aibu.

"Mimi pia umekuwa ukinionyesha dakika tano," alisema. "Halafu unanirudisha Naivasha."

Akakata simu. Kwa wiki tano hakuipokea tena. Alilia, hilo tusifiche, na mara mbili nusura ampigie yeye. Kisha Jumamosi moja Bethwel alituma ujumbe kwamba amekosa, kwamba mashindano basi, na kwamba anakuja mwenyewe wapange siku ya kwenda Njoro. Chesang aliusoma mara nne. Akasuka nywele, akavaa sketi mpya, akapika kuku. Moyo, mjinga yule, ulikuwa umeshasamehe.

Saa saba simu ikalia.

"Babe, nimeshuka stage. Sasa nakuja upande gani? Kwani unaishi wapi?"

Chesang alikaa kitandani polepole. "Estate yetu huijui jina?"

"Si uliwahi kuniambia. Nimesahau."

"Na shamba ninalofanya kazi?"

"Chesa, si nimekuja? Si hiyo ndiyo ulikuwa unataka?"

Alikuwa anasema kweli, na bado Chesang alimpenda. Hilo ndilo lililomfanya asubiri mpaka sauti yake mwenyewe itulie.

"Umeshukia wapi?"

"Hapa kwa petrol station."

"Vuka barabara," alimwambia. "Magari ya Nakuru yako hapo upande wa pili."