Kuzikana Si Kazi ya Ofisi

Buberwa wa Ngenge, wilayani Muleba, alirudi nyumbani amechoka. Asubuhi, pamoja na wenzake wa chama cha kuzikana, alikuwa amechimba kaburi la jirani, na migomba katika kibanja chake ilikuwa bado haijapaliwa.

"Mwenyekiti Mwijage ana wazo zuri," alimwambia mkewe Alistidia. "Kila kaya itoe mchango kila mwezi. Kijiji kiajiri watu wa kuchimba makaburi na kupika misibani. Sisi tubaki na kazi zetu."

"Na asiye na hela?"

"Atatoa tu. Itakuwa sheria ndogo."

Mama yake Buberwa, bibi Immakulata, alikuwa chumbani akiugua. Alisikia yote.

"Mwanangu," akaita, "kwa hiyo mimi nitazikwa na vibarua?"

Neno lile lilimchoma Buberwa, akaacha chakula.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Nathanael, mtendaji wa kata mstaafu. Mzee huyu husema polepole, na ukimharakisha anaanza upya.

"Kodi ina kazi yake," alisema. "Wewe na mimi hatuwezi kujenga daraja wala kumlipa mganga wa zahanati. Hapo tuichangie serikali. Lakini kuzikana tunaweza. Jambo tunaloliweza tukilipeleka ofisini, tutalipa, na ujirani utakufa. Tena mchango ukishaanza haurudi nyuma. Leo wa msiba, kesho wa harusi."

"Lakini mwenyekiti ameshasema."

"Amependekeza. Sheria ndogo lazima kwanza ijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nenda ukaseme. Ukinyamaza, usije kulalamika."

Siku ya mkutano Buberwa alisimama.

"Ndugu zangu, mimi nililipenda wazo hili kwa uvivu wangu. Naomba tusilipitishe. Tuzikane wenyewe."

Mwijage hakukasirika. "Limbu amehamia hapa na mifugo yake," alisema. "Hana ukoo. Akifiwa, nani atakwenda?"

Swali lilikuwa la haki, na watu waliinamisha vichwa. Kweli hakuna aliyewahi kumwalika Limbu.

Alistidia akasimama. "Kosa hilo ni letu, na dawa yake si kodi. Limbu aingie leo kwenye chama chetu cha kuzikana. Na kila mgeni atakayekuja aingie."

Mikono ikanyooshwa kila upande. Mchango wa lazima haukupita, na Limbu aliingizwa chamani siku hiyohiyo.

Mwezi uliofuata bibi Immakulata alifariki. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Buberwa alitoka nje akiwaza aanzie wapi, akakuta watu wameshafika. Wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Limbu alikuwa ameleta maziwa na kuni.

Kibanjani, katikati ya migomba, kaburi lilikuwa limefika kifuani. Ndani yake mtu mmoja alichimba, tope limemjaa hadi usoni. Alikuwa Mwijage.

"Mwenyekiti, toka upumzike," Buberwa alimwambia. "Wengine watamalizia."

"Niache," Mwijage akajibu, akaendelea kuchimba. "Huyu ni mama yetu."